Mtu Aliyeumizwa na Motokaa na Haki Yake ya Fidia

Katika nchi ya Kenya watu huumizwa barabarani kila siku. Mmoja hugongwa akivuka njia kwenda sokoni, wa pili ni abiria katika matatu, wa tatu amepanda nyuma ya bodaboda. Jeraha laweza kupona kwa miezi michache, lakini hasara hukaa: shamba halikulimwa, mshahara umekatika, na karo ya watoto haikulipwa. Sheria inampa mtu huyo njia ya kudai fidia. Hata hivyo wengi huipoteza haki hiyo kwa sababu katika siku za kwanza hawakutunza karatasi, na baadaye hawakuangalia kalenda. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

BIMA NI YA NANI?

Sheria ya bima ya magari, ambayo ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, ilitungwa mwaka 1945, miaka 15 baada ya Uingereza kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 1930. Inakataza gari kutumiwa barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Wengi hudhani kwamba bima hii ni mali ya mwenye gari peke yake. Sivyo. Imewekwa kwa ajili ya watu ambao hawakuilipia hata senti moja: mtembea kwa miguu, mpanda baisikeli, na abiria aliyelipa nauli.

Yafaa kujua mipaka yake pia. Sheria hailazimishi bima hiyo imlinde mtu aliyepewa lifti bure katika gari la binafsi, wala utingo aliyeumia akiwa kazini. Utingo ana njia nyingine, nayo ni sheria ya mwaka 2007 ya malipo kwa wafanyakazi walioumia kazini. Tena, kampuni ya bima hailazimishwi na Sura ya 405 kulipa zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hudaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.

SIKU ZA KWANZA

Jambo la kwanza ni matibabu. Mgonjwa, au ndugu aliyemsindikiza, amweleze daktari wazi kwamba jeraha limetokana na ajali ya gari, ili jambo hilo liandikwe. Mtu anayekwenda nyumbani kujipaka dawa, kisha akaenda hospitali baada ya wiki mbili, ataulizwa kortini ni nini kinachoonyesha kwamba hakuanguka kutoka juu ya mti.

Jambo la pili ni polisi. Ajali iandikwe kituoni na namba ya OB ichukuliwe. Baadaye polisi hutoa hati fupi ya ajali, ile ambayo watu huiita abstrakti, yenye namba ya gari, jina la mwenye gari na kampuni yake ya bima. Iombwe pia fomu ya P3, ambayo daktari huandika ndani yake aina ya majeraha. Mgonjwa akiwa hawezi kusimama, ndugu zake waandike namba ya gari pamoja na majina na simu za watu walioshuhudia, kwa maana mashahidi hutawanyika upesi.

Jambo la tatu ni risiti. Fidia ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maumivu na udhaifu uliobaki mwilini, ambayo hakimu huipima akitazama hukumu za zamani zinazofanana. Ya pili ni ya fedha zilizotumika: dawa, picha za eksirei, nauli za kwenda hospitali. Hizi lazima zitajwe katika madai na kuthibitishwa kwa maandishi. Karani aonyeshe hati za mshahara wake. Mkulima aonyeshe karatasi za malipo ya maziwa, chai au kahawa.

KUGONGWA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Mdai hana budi kuonyesha kwamba dereva alifanya uzembe. Na ikiwa yeye mwenyewe alichangia ajali, kwa mfano kwa kukimbia ghafula mbele ya gari, fidia hupunguzwa. Hakimu akiona kwamba hasara ni shilingi 500,000 na lawama ya mdai ni sehemu 20 kwa mia, mdai atapata shilingi 400,000. Kwa hiyo maneno ya shahidi aliyeona yote yana thamani kubwa.

KALAMU ISIHARAKISHWE

Huenda akaja mtu mwenye fedha kidogo na karatasi ya kutiwa sahihi. Karatasi hiyo mara nyingi husema kwamba aliyeumia ameridhika na hatadai tena. Kabla ya kuitia sahihi, daktari aulizwe kama jeraha limepona kabisa, au kama vyuma vilivyowekwa katika mfupa vitahitaji kutolewa kwa upasuaji mwingine. Gharama hiyo ijayo nayo yaweza kudaiwa, lakini si rahisi kuidai baada ya mtu kuandika kwamba yote yamekwisha.

Wako pia madalali wa kesi, wanaozunguka vitandani hospitalini wakitafuta wateja kwa niaba ya mawakili. Sheria ya Mawakili inakataza biashara hiyo. Pia haitambui mapatano kwamba wakili atalipwa akishinda tu. Ni vizuri familia ichague wakili yenyewe, ihakikishe katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana cheti cha mwaka huo, na fidia ikilipwa idai hesabu kwa maandishi. Wakili akizuia fedha za mteja, iko Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Kampuni ya bima ikikawia bila sababu, iko Mamlaka ya Kusimamia Bima. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize habari za msaada uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

SIKU ZINAHESABIWA

Kwa kawaida shauri la kuumizwa hufunguliwa kabla ya miaka 3 kupita tangu siku ya ajali. Gari likiwa la Serikali, muda ni miezi 12 tu. Aliyeumia akifa, mume au mke, watoto na wazazi waliomtegemea wana haki ya kudai, nao huhesabiwa miaka 3 tangu siku ya kifo. Tena kampuni ya bima lazima iarifiwe mapema habari za shauri, la sivyo yaweza kukataa kuilipa hukumu. Barua ipelekwe kabla shauri halijafunguliwa, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ihifadhiwe.

Bahasha moja kubwa yatosha kuweka hati za hospitali, abstrakti, P3, risiti, majina ya mashahidi na nakala za barua zote. Asili zibaki mikononi mwa familia mpaka zitakapohitajiwa kortini. Wakili apewe nakala, na kila karatasi inayotoka iandikwe siku iliyotoka na jina la aliyeipokea.