Wezi Hawasubiri Semina Zenu

Kila unapotangazwa mkutano wa wataalamu wa usalama wa mifumo, uwe Dar es Salaam au Nairobi, swali ni lile lile: mkikaa kueleza hadharani mifumo inavyovunjwa, si mnawafundisha wezi? Anayeuliza mara nyingi ni mkuu wa idara anayetafuta sababu ya kumnyima kijana wake ruhusa. Swali limekaa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu linamdhania mwizi kuwa mwanafunzi anayesubiri somo letu.

Chukua ule ujumbe wa simu unaojulikana Tanzania nzima, wa ile hela itume kwenye namba hii. Hautaji jina wala kiasi. Umemwagwa kwa watu wengi kumtafuta mmoja ambaye dakika hiyo anajiandaa kutuma kodi ya nyumba, akidhani mwenye nyumba ndiye aliyeandika. Ufundi wake wote ni huo, wala haukuhitaji semina. Matapeli wanaigana maneno bila kuombana kibali. Wanaozibwa midomo ni maofisa wa benki mbili zinazotazamana barabarani, ambao huenda kila mmoja anafuatilia laini ile ile peke yake. Hofu hii ni kongwe. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, fundi Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua bila ufunguo kufuli ya Chubb, kisha ya Bramah, zote zikisifiwa kuwa hazifunguliki. Wapo waliolalamika kwamba anawapa wezi maarifa. Lakini kasoro zilikuwamo kabla hajafika. Alichokiondoa ni usingizi wa wenye nyumba.

Pingamizi lenye uzito ni moja, nalo ni tundu la usalama ambalo halijazibwa. Hapo wenye hofu wana haki, ndiyo maana mwenye programu huarifiwa kwanza akapewa muda. Project Zero, timu ya Google ya kusaka matundu hayo, kwa mfano, hutoa siku 90. Tundu likishazibwa, ukimya unamsaidia nani? Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu la Windows Machi 2017, na WannaCry, programu hasidi iliyolitumia tundu hilo kufunga mafaili na kudai fidia, ikalipuka Mei 12 mwaka huo huo, ikazikuta kompyuta ambazo kwa karibu miezi miwili hazikuguswa. Habari haikufika, au ilifika ikapuuzwa. Kwa vyovyote, siri isingeziokoa. Nao wanaonyamaza kwa kisingizio cha kulinda jina zuri la kampuni wasome sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data: taarifa binafsi zikivuja na kuwaweka wahusika hatarini, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Basi nendeni. Vikao vya matawi ya OWASP, jumuiya ya usalama wa programu, ni bure na havidai uanachama. ISACA, chama cha wakaguzi wa mifumo, ina matawi Kenya na Tanzania, na mwenye cheti chake cha ukaguzi cha CISA anadaiwa saa 120 za kujiendeleza kila miaka mitatu, kwa hiyo mwajiri asiite mkutano matembezi. Mkikutana, fuateni kanuni ya Chatham House: ulichosikia kitumie, aliyekisema usimtaje. Wenye kufuata cheti cha kuhudhuria tu wabaki nyumbani. Na ukumbi ukikosekana, chumba cha mikutano cha ofisi baada ya saa kumi na moja jioni kinawatosha watu kumi na watano.