Mnyaa: Mlinzi Mwema, Mganga wa Hatari



Mwenye kusafiri bara, akapita Shinyanga na kuendelea mpaka Geita kwenye machimbo ya dhahabu, ataona njiani ua wa namna moja: vijiti vya kijani, vinene kama kalamu, vimesongamana kuzunguka nyumba na mazizi ya ng'ombe. Huo ni mnyaa. Wako pia waupandao kwa pambo tu. Yafaa tuujue sawasawa, maana una manufaa mengi, na una madhara yasiyo madogo.

MTI WENYEWE. Asili ya mnyaa ni Afrika. Mwaka 1753 mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliuandika kwa jina la Euphorbia tirucalli. Neno hilo la pili ni jina la mti huu huko Malabar, Bara Hindi. Ni jamaa ya muhogo na mpira. Majani yake ni madogo mno na huanguka upesi, hivyo kazi ya majani hufanywa na vijiti vyenyewe. Vinyweleo vya vijiti hivyo hufumbuka usiku na kufumba mchana, maji yasipotee kwa jua. Ndiyo sababu mnyaa hustahimili kiangazi kirefu cha Usukuma.

Kuupanda si kazi: kata kijiti, acha kidonda kikauke, kisha kichomeke ardhini. Mifugo haiuli, kwa ajili ya utomvu wake mweupe kama maziwa. Kwa nchi kama Shinyanga, iliyopoteza miti mingi hata serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986, ua huu una thamani. Boma la miiba lataka matawi mapya kila mara. Boma la mnyaa hujiotea lenyewe.

DAWA YA KIENYEJI. Tangu zamani waganga wa Afrika Mashariki wameutumia utomvu huo kwa chunjua, kwa jino linalouma na kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Wavuvi nao waliutia majini kulewesha samaki. Hapa mwenye akili na afikiri: kitu kileweshacho samaki kitamfanyia nini mtoto akikinywa? Utomvu huunguza ngozi, na ukimezwa huchoma kinywa na tumbo, huleta kutapika na kuhara. Ukiingia jichoni, maumivu yake ni makali, na mtu aweza kupofuka.

Liko jambo jingine. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda, alieleza uvimbe wa saratani katika taya za watoto. Ugonjwa huo, ambao hupatikana pia mikoa ya Ziwa, huhusiana na virusi na malaria. Maabara zimeonyesha kwamba utomvu wa mnyaa huviamsha virusi hivyo. Basi watoto wasiuchezee.

LA KUFANYA. Akataye mnyaa na afunike macho, asimame upande utokako upepo, kisha aoshe mikono na panga kwa sabuni. Jicho likiingiwa, lisisuguliwe. Limiminiwe maji safi mengi kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile. Asitiwe dawa ya majani. Wageni waendao Geita kutafuta riziki waambiwe mapema, kwani wengi hawaujui mti huu, na mtu huvunja kijiti kwa mchezo tu.

Na kwa jino linalouma, sisi wakulima wa karafuu hatuna haja ya utomvu wa mnyaa. Mafuta ya karafuu hutuliza maumivu ya jino, na madaktari wa meno wameyatumia miaka mingi. Nayo pia yatumiwe kidogo, huku mtu akienda kwa daktari. Mnyaa na ulinde boma. Uganga tuuachie wengine.