Plaizi za umeme: Mtaji usilale rafuni

Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Korogwe na Handeni wamepata wateja wapya tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007. Nguzo zikifika kijijini, nyumba huhitaji waya, soketi na swichi, na mwenye nyumba naye hutaka bisibisi na plaizi yake. Muuzaji anajiuliza kama inafaa kuweka fedha kwenye zana zenye kihami cha umeme, ambazo ni ghali kuliko za kawaida.

Kwanza bidhaa ijulikane. Mpini wa plastiki nyekundu peke yake si kinga. Mara nyingi umewekwa ili mkono usiteleze tu. Zana halisi hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, kihami chake hupimwa kwa volti 10,000, na huruhusiwa kwa kazi ya hadi volti 1,000. Huwa na alama ya pembetatu mbili na maandishi "1000 V". Alama huweza kughushiwa, hivyo ndugu mfanyabiashara nunua kwa msambazaji anayetoa risiti. Ukimwambia mteja kwamba plaizi ya kawaida haipitishi umeme, unacheza na roho ya mtu: volti 230 za nyumbani zinatosha kuua.

Je, mwenye nyumba anazihitaji? Kwa maoni yetu, testa nzuri itangulie. Anayebadilisha swichi akizima mein swichi, kisha akahakikisha kwa testa iliyojaribiwa kwenye soketi yenye umeme, plaizi ya kawaida inatosha. Kutandaza nyaya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Fundi ndiye mteja hasa. Huingia nyumba zilizotandazwa na wengine, pengine swichi ikakata nyutro na kuacha laini hai. Hata mein swichi ikizimwa, waya wa TANESCO unaoingia kwenye mita hubaki na umeme. Fundi naye anatakiwa kuzima na kupima. Zana hizi ni bima endapo kitu kitampita. Mpini ukipasuka bima hiyo imekwisha, na kuuzungushia utepe hakuirudishi.

Sasa hesabu, kwa bei za mfano tu. Plaizi ya kawaida inanunuliwa sh. 10,000 na kuuzwa sh. 13,000, yenye kihami sh. 40,000 na kuuzwa sh. 52,000. Zote zina faida ya asilimia 30. Lakini ya kawaida ikitoka moja kila wiki, sh. 10,000 zile zile zinazaa sh. 24,000 kwa wiki nane. Ya pili ikikaa wiki hizo nane, sh. 40,000 zimezaa sh. 12,000.

Kwa hiyo weka plaizi moja na bisibisi mbili za kihami, mafundi wazione. Zaidi ya hapo pokea oda kwa malipo ya awali. Korogwe iko kwenye barabara ya mabasi ya Dar es Salaam na Arusha, na mzigo wa Kariakoo unaweza kufika siku hiyo hiyo. Wa Handeni aongeze nauli ya kutoka Mkata kabla ya kumtajia fundi bei.