Mahali pa Programu ya Kuanzishia Mfumo katika Kadi ya Kumbukumbu: Mfano wa Vichakataji vya Allwinner

Sehemu hii inafafanua kwa nini kunakili faili katika kadi ya kumbukumbu hakutoshi kuiwezesha bodi kuwaka. Kichakataji cha Allwinner A20 kinapopata umeme, hutekeleza kwanza programu fupi iliyowekwa kiwandani katika kumbukumbu isiyofutika. Programu hiyo haisomi mfumo wa faili. Huiendea kadi moja kwa moja baada ya kilobaiti 8 za mwanzo, yaani sekta ya 16, sekta zikihesabiwa kuanzia 0. Hapo hutafuta alama eGON.BT0 na kuhakiki usahihi wa data. Ikiridhika, hupakia SPL, ambayo haina budi kuwa ndogo, kwa kuwa kumbukumbu kuu bado haijaamilishwa. SPL ndiyo inayoiamilisha, kisha hupakia U-Boot kamili.

Kwa sababu hiyo, faili ya pamoja ya SPL na U-Boot huandikwa kwa amri ya dd, kilobaiti 8 za mwanzo zikirukwa. Jedwali la MBR, linalokaa katika sekta ya 0, husalimika. Jedwali la GPT, kwa kawaida, huenea hadi sekta ya 33. Hivyo uandishi huo huliharibu, na anayelikarabati baadaye huweza kuifuta SPL bila kujua. Kichakataji cha H3 kimepunguza mgongano huo kwa kutafuta pia baada ya kilobaiti 128.

Kwa hiyo, bodi iliyo kimya si lazima iwe imeharibika. Inapendekezwa kwamba mtafiti aikague sekta ya 16 kabla ya kuihukumu bodi.