Tairodi Ikigoma Kutoka
Usukani wa Corolla ya zamani ukianza kucheza, mshukiwa mmoja ni tairodi endi. Kuibadilisha nyumbani inawezekana, ila kuitoa ndiyo kazi. Shina lake lina mchongoko, limekazwa ndani ya tundu lenye mchongoko uleule, na kutu ya miaka imelibana. Wengi hugonga ncha ya shina. Hapo unaua hesi tu.

Weka gari kwenye stendi, siyo jeki peke yake jamani! Chomoa pini, legeza nati bila kuitoa yote, kisha gonga kwa nguvu ubavuni mwa chuma chenye tundu. Mshtuko huliachia shina. Ukiifungua kwenye rodi, hesabu mizunguko. Mpya iingie kwa idadi ileile, halafu kapime alaimenti.