Dawa Imeisha au Imeshindwa? Swali la Mkwaja na Kipimo cha Kingamwili

Ng'ombe amekonda hadi mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama, anajikokota nyuma ya wenzake wakati kundi linarudi zizini. Katika ukanda wa Mkwaja, kusini mwa Wilaya ya Pangani, mfugaji hangoji kuambiwa kuwa hiyo huenda ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, wako kichakani umbali mfupi tu, na dawa ziko dukani: Samorin ya kukinga, Berenil ya kutibu. Anamchoma ng'ombe sindano. Mara nyingi anapona. Mara nyingine anaanguka tena baada ya wiki chache, na hapo ndipo linapozaliwa lile neno linalosikika katika minada mingi ya mifugo, kwamba dawa za siku hizi hazifai kitu. Huenda ni kweli, kwa kuwa vimelea vya nagana vinaweza kuwa sugu. Lakini huenda pia dawa ilizimuliwa mno, uzito wa ng'ombe ulikadiriwa chini, pakiti ilikuwa na unga usio dawa, au muda wa kinga ulikuwa umekwisha bila mtu kuhesabu. Kwa macho hali hizi hazitofautiani hata kidogo: ng'ombe mgonjwa ni ng'ombe mgonjwa. Ila dawa ikiwa imepungua, jawabu ni kutoa dozi iliyotimia, na vimelea vikiwa sugu, jawabu ni kubadili dawa au kuacha kuitegemea na kupambana na mbung'o mwenyewe. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kuna aina ya kipimo inayoweza kutenganisha sababu hizi mbili, na kwamba bila kipimo cha namna hiyo tunabaki kulaumu dawa, au kuisifu, kwa kubahatisha. Lakini lazima tujue kila kipimo kiliundwa kujibu swali gani, kwa maana hakijibu jingine.

Mkwaja si mfano wa kuokota. Kuanzia 1954 kampuni ya mkonge ya Amboni ilifungua hapo ranchi ya kilomita za mraba 462, ili wafanyakazi wa mashamba yake wapate nyama. Mahali penyewe, kwa kanuni zote za ufugaji, hapakufaa ng'ombe: kichaka, nyati, ngiri na mbung'o wa zaidi ya aina moja. Hata hivyo maelfu ya ng'ombe waliishi na kuzaa pale kwa miongo kadhaa, kwa sababu walikuwa wakichomwa sindano za kinga mara kwa mara, kila mwaka, maisha yao yote. Jambo lililoifanya ranchi hiyo ijulikane na wanasayansi wa mbali ni daftari lake. Kuzaa, kuachishwa ziwa, uzito na matibabu viliandikwa, na mwaka 1985 kituo cha kimataifa cha mifugo cha Addis Ababa, ILCA, kilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo. Ilionekana kuwa ng'ombe aina ya Boran wanaweza kuleta tija ya kuridhisha katikati ya mbung'o iwapo dawa inatolewa kwa utaratibu. Mwaka 1989 ranchi ikaongeza silaha nyingine: ng'ombe wakaanza kuogeshwa katika josho lenye sumu ya kuua mbung'o, na mbung'o wakapungua kwa kiasi kikubwa. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa rasmi mwaka 2005. Ng'ombe wa Amboni wamekwenda, mbung'o wamebaki, na vijiji vinapakana na hifadhi. Swali waliloliacha nalo limebaki: pale ambapo uhai wa kundi unategemea sindano, nani anajua kama dawa bado imo ndani ya damu siku mbung'o anapouma?

Hadubini haijui. Hadubini huonyesha kimelea, tena kikiwa kingi. Ng'ombe mwenye vimelea vichache hupita kama mzima. Dawa yenyewe haionekani kwa lenzi yoyote ya maabara ya wilaya. Hapa ndipo kinga ya mwili inapogeuzwa kuwa chombo cha kupimia. Mwili ukikutana na kitu kigeni hutengeneza kingamwili, protini zinazokishika kitu hicho na kuacha vingine, kama ufunguo unavyoingia katika kufuli lake. Mwaka 1959 na 1960, huko New York, Rosalyn Yalow na Solomon Berson walionyesha kwamba mshiko huo unaweza kutumika kupima insulini, iliyo kidogo mno katika damu, wakitumia chembe za mnururisho kama alama. Yalow alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1971 watafiti wa Sweden na wa Uholanzi, kila kundi kwa njia yake, waliondoa mnururisho na kuweka kimeng'enya kinachogeuza rangi ya maji. Kipimo hicho, Elisa, ndicho kinachofanyika hadi leo katika sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96: damu kidogo, kuosha, kusubiri, kisha rangi. Msomaji anamjua ndugu yake mdogo. Ile karatasi inayochora mistari miwili kuonyesha mimba, na ile ya malaria inayotumika zahanati, hufanya kazi kwa kingamwili hizo hizo, ila zimekaushwa juu ya utepe ili zitumike popote.

Kupima dawa ya nagana kwa njia hii kulihitaji hila moja. Dawa hiyo ni kitu kidogo sana, na kinga ya mnyama haihangaiki na vitu vidogo namna hiyo. Kwa hiyo hupandikizwa juu ya protini kubwa ndipo mnyama wa maabara atengeneze kingamwili dhidi yake. Kisha huja shindano: ndani ya kishimo kunawekwa damu ya ng'ombe pamoja na dawa iliyofungwa kwa kimeng'enya, na zote mbili zinagombea nafasi chache za kingamwili. Damu ikiwa na dawa nyingi, ile yenye kimeng'enya inakosa nafasi na rangi inafifia. Damu ikiwa tupu, rangi inakolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao walikamilisha kipimo cha aina hiyo kwa ajili ya Samorin, kikalinganishwa na kusahihishwa kwa damu ya ng'ombe wa Afrika. Kiasi kinachosomwa ni cha kushangaza: sehemu ya bilioni moja ya gramu, na chini yake, katika mililita moja ya majimaji ya damu. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mpaka unaoweza kumsaidia mtafiti. Ng'ombe akikutwa na vimelea huku dawa ikiwa chini ya nanogramu 0.4 kwa mililita, huenda dawa ilikuwa imepungua. Akikutwa navyo huku dawa ikiwa juu ya kiwango hicho, hapo kuna kila sababu ya kushuku usugu. Tazama jinsi swali la mfugaji lilivyopata jibu lenye tarakimu. Hatuzungumzi tena kama dawa ni nzuri au mbaya. Tunazungumza kama ilikuwapo kazini au haikuwapo.

Pingamizi kubwa zaidi dhidi ya haya yote linatoka katika historia ya nagana yenyewe, na halistahili kufunikwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika ILRAD, maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo jijini Nairobi, palitengenezwa Elisa za kunasa vipande vya vimelea katika damu. Mategemeo yalikuwa makubwa. Shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, IAEA, likishirikiana na FAO, lilisambaza vifaa vyake katika maabara za nchi nyingi za Afrika na kufundisha wataalamu. Halafu matokeo yakaanza kugongana na hadubini: ng'ombe ambao vimelea vyao vilikuwa vinaonekana wakiogelea katika damu walisomwa na kipimo kuwa hawana. Baada ya tathmini za miaka ya 1990 kipimo hicho kiliwekwa kando. Mtu anaweza kusema, kama wataalamu wa ILRAD na IAEA walikosea hivyo, kwa nini mfugaji wa Pangani aamini rangi ndani ya kishimo? Jibu langu ni kwamba kosa hilo liligunduliwa kwa sababu kipimo kilirudishwa kwenye damu ya ng'ombe wa malishoni na kulinganishwa, tena na tena, na njia nyingine. Sioni hapo sababu ya kuikataa aina nzima ya vipimo. Naona sababu ya kukataa kipimo chochote ambacho hakijajaribiwa katika damu ya ng'ombe wa hapa, wenye minyoo, kupe na magonjwa ya hapa. Kila kifaa kinachoingia nchini na cheti cha kwao kinapaswa kuulizwa swali hilo kabla ya bei.

Wasiwasi mwingine ni kwamba kingamwili hukaa katika damu hata baada ya ugonjwa kwisha. Ng'ombe aliyetibiwa nagana anaweza kusomwa "ndiyo" miezi kadhaa baadaye. Hata utepe wa malaria, unaonasa protini ya kimelea, huweza kuonyesha mstari wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, na mzazi akadhani dawa imeshindwa. Ni kweli kabisa, na daktari au afisa mifugo anayemtibu mgonjwa mmoja hana budi kulikumbuka. Lakini mtafiti anayeuliza habari za kundi zima anaihitaji kumbukumbu hiyo ya damu. Sotoka iliangamiza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba imetokomezwa. Kutangaza kutokuwapo kwa kitu ni kazi ngumu kuliko kukiona. Ilibidi chanjo isimamishwe, kisha damu za ng'ombe na nyati waliozaliwa baada ya hapo zipimwe kwa Elisa, msimu baada ya msimu, hadi ithibitike kuwa hakuna aliyekutana na virusi. Pasipo kingamwili kukumbuka, tusingekuwa na ushahidi huo.

Upande wa binadamu pwani hii ina mfano wake, nao unanigusa zaidi, maana matende na mabusha ni maradhi ya watu wetu. Minyoo michanga ya matende hujitokeza katika damu ya pembezoni usiku, karibu na saa sita, saa ambayo mbu wake huuma. Kwa miaka mingi utafiti vijijini, kikiwamo kijiji cha Masaika wilayani Pangani, ulilazimu watu kuamshwa usiku wa manane kutobolewa vidole. Vipimo vinavyonasa protini ya mnyoo mkubwa huiona protini hiyo mchana sawa na usiku. Mtu akipimwa saa nne asubuhi shuleni jibu halibadiliki. Ndivyo ilivyowezekana kufuatilia kama dawa za kumeza zilizogawiwa mkoani Tanga kuanzia mwaka 2004 zinapunguza maambukizi, bila kugeuza kila kijiji kuwa kambi ya usiku.

Kuhusu gharama na kuhusu vipimo vya vinasaba, nitasema machache. Vinasaba ni hodari kuona kimelea kichache, na mahali pengine vinashinda kingamwili waziwazi. Lakini vinasaba havioni dawa, na swali letu ni la dawa. Gharama ya sahani moja ni kubwa kwa mfugaji mmoja. Sahani hiyo hubeba sampuli nyingi kwa pamoja, na hakuna anayependekeza kila ng'ombe apimwe. Makundi machache yaliyochaguliwa vizuri, yakipimwa kabla na baada ya msimu wa sindano, yangeiambia wilaya nzima kama tatizo ni dozi au ni usugu. Hilo si dogo, kwa kuwa dawa za nagana tulizonazo ni zile zile zilizoingia sokoni katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Zikiharibiwa kwa dozi pungufu, hakuna nyingine inayosubiri ghalani.

Tanga ina historia ya kutosha kuibeba kazi hii. Ni Tanga ambako mbung'o walifugwa kwa mamilioni, madume wakahasiwa kwa mnururisho na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja, hadi kisiwa hicho kikatangazwa mwaka 1997 kuwa hakina mbung'o. Taasisi iliyofanya kazi hiyo leo iko chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Wakala huo, pamoja na Halmashauri ya Pangani, wana sababu ya kuanzia vijiji vinavyopakana na Saadani: kuchukua damu, kupima kiwango cha dawa, na kuwarudishia wafugaji majibu kwa Kiswahili wanachokielewa, si kuyaacha yaishie katika ripoti.

Na mfugaji wa Mkwaja na vijiji jirani asisubiri siku hiyo mikono mitupu. Kila unapomchoma ng'ombe sindano, andika tarehe, jina la dawa na namba ya pakiti, kiasi cha maji ulichochanganyia, na uzito uliomkadiria. Daftari la shule linatosha. Ng'ombe yule akianguka, hayo ndiyo mambo ya kwanza maabara itakayokuuliza.