Kwa Nini Connecticut Sun Ilibaki Bila Watano Wake

Mwanzoni mwa Oktoba 2024, Connecticut Sun ilikuwa imebakiza ushindi mmoja tu kuingia fainali ya WNBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya wanawake nchini Marekani. Ilikuwa imemaliza msimu wa kawaida kwa kushinda mechi 28 na kupoteza 12, ikaitoa Indiana Fever ya Caitlin Clark katika raundi ya kwanza, kisha ikafungwa na Minnesota Lynx katika mchezo wa tano wa nusu fainali. Mwaka uliofuata timu hiyohiyo ilishinda mechi 11 na kupoteza 33. Katikati ya misimu hiyo miwili wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza walihama. Kocha mkuu naye aliondoka.

Kocha ndiye aliyetangulia, kwa hiyo wengi walidhani yeye ndiye chanzo. Stephanie White alikuwa Kocha Bora wa ligi mwaka 2023. Alipoachana na Sun alirudi nyumbani Indiana, jimbo alikokulia, akaichukua Fever ileile aliyokuwa ameifunga wiki chache kabla. Lakini hebu tuwafuate wachezaji tuone walikoelekea. Alyssa Thomas alikwenda Phoenix. Brionna Jones alikwenda Atlanta. DiJonai Carrington na Ty Harris walikwenda Dallas. DeWanna Bonner peke yake ndiye aliyemfuata kocha hadi Indiana, na hata yeye hakukaa: kabla ya Juni 2025 kwisha alikuwa ameachwa na Fever, akahamia Phoenix kwa mchumba wake, Thomas. Kama White ndiye aliyekuwa gundi ya timu ile, wanne kati ya watano wasingekwenda kwingine. Walichofanana ni mahali walipotoka.

Ili kuelewa hilo, lazima kwanza tuangalie pesa za ligi hii zinavyokwenda. Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga anajua kwamba mwenye fedha nyingi ndiye anayechukua mchezaji. WNBA haiendi hivyo. Mwaka 2025 kila klabu ilikuwa na kikomo cha takriban dola milioni 1.5 kulipa kikosi kizima, na mshahara wa juu kabisa wa mchezaji mmoja ulikuwa kama dola 249,000. Tajiri wa New York na mmiliki wa klabu ndogo walibanwa na kikomo hichohicho. Sasa mchezaji nyota anapoletewa ofa tano zinazokaribiana, fedha haimsaidii tena kuchagua. Anaanza kuuliza mambo mengine. Nitafanyia wapi mazoezi? Daktari wa viungo yupo muda wote au hadi niombe? Uwanja ni wetu, au tunaazima?

Katika maswali hayo Sun haikuwa na majibu mazuri. Timu ilikuwa inamilikiwa na kabila la Mohegan, wenyeji asilia wa Marekani, lililoinunua mwaka 2003 kutoka Orlando na kuiweka Uncasville, ndani ya jengo lenye kasino na hoteli. Heshima ya Mohegan katika historia ya mchezo huu haipaswi kupuuzwa, kwa sababu waliichukua timu wakati wachache waliamini kwamba klabu ya wanawake inaweza kusimama bila kuegemea klabu ya wanaume ya NBA katika mji huohuo. Walikuwa kabila la kwanza la wenyeji asilia kumiliki timu ya kulipwa, na kwa miaka zaidi ya ishirini waliitunza. Timu ilifika fainali mara nne, 2004, 2005, 2019 na 2022, ingawa haikupata ubingwa hata mara moja. Kuanzia 2019 hadi 2024 haikukosa nusu fainali hata mwaka mmoja.

Wakati Sun ikishinda hivyo, ligi ilikuwa inabadilika. Las Vegas Aces walifungua kituo chao cha mazoezi mwaka 2023. Phoenix walifuata Julai 2024 kwa kituo cha dola milioni 100. Sun iliendelea kufanya mazoezi katika ukumbi wake wa mechi, na ukumbi ulipokodishwa kwa shughuli nyingine, wachezaji walihamishiwa katika kituo cha jamii cha kabila. Septemba 2024, hatua ya mtoano ikiwa mlangoni, walilazimika kugawana uwanja wa kituo hicho na sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa miaka miwili. Walilalamika hadharani, na walikuwa na haki. Hawa ni wanawake waliokuwa wanawania ubingwa wa ligi kubwa kuliko zote za kikapu cha wanawake duniani, na nusu ya uwanja wao ilikuwa imetengwa kwa keki na maputo.

Kulikuwa pia na suala la kalenda. Oktoba 2024 chama cha wachezaji kilijitoa katika mkataba wa pamoja na ligi, hivyo ukawa unaishia baada ya msimu wa 2025. Mapato mapya ya televisheni, dola bilioni 2.2 kwa miaka 11, yalikuwa yanaanza 2026. Kila mchezaji mwenye hesabu alitaka mkataba wake uishe 2025, ili awe huru mishahara itakapopanda. Kwa hiyo Sun haikuwa na nyota wengi iliowafunga kwa miaka mingi.

Ilibaki na silaha moja. Kanuni huiruhusu klabu kumteua mchezaji mmoja kuwa mhimili wake, na hapo hakuna klabu nyingine inayoweza kuzungumza naye; kwa upande wake klabu inampa mshahara wa juu kabisa wa mwaka mmoja. Sun ilimteua Thomas, aliyekuwa nayo tangu 2014. Lakini kanuni haimlazimishi mchezaji kusaini. Asiyetaka kubaki anaweza kuketi nyumbani, na klabu inabaki na haki isiyo na mtu. Ndiyo maana uteuzi huu mara nyingi huishia katika mabadilishano, na ndivyo ilivyokuwa: Februari 2025 Thomas akaenda Phoenix katika mpango uliohusisha klabu nne.

Kazi ya kuokota vilivyobaki ilimwangukia Morgan Tuck, mchezaji wa zamani wa Sun, aliyekuwa meneja mkuu kwa miezi michache tu. Kwa maoni yangu alifanya vizuri kuliko alivyosifiwa. Katika ule mpango wa klabu nne alimpata Natasha Cloud, mlinzi mzoefu ambaye angeweza kuiongezea timu ushindi kadhaa usio na maana. Hakumng'ang'ania. Mwezi Machi alimpeleka New York, akapokea chaguo la 7 la drafti (zoezi la klabu kuchagua chipukizi) ya 2025 na chaguo la raundi ya kwanza la 2026. Kwa chaguo la 7 alimchukua Aneesah Morrow, na kwa la 8 Saniya Rivers. Marina Mabrey, mchezaji aliyekuwa bado Sun, alipoomba kuhamishwa, alikataliwa kwa kuwa mkataba wake ulikuwa haujaisha. Tina Charles, mchezaji bora wa ligi wa 2012 akiwa na Sun hiihii, alirudishwa kuwa mkubwa wa chipukizi.

Kocha mpya alikuwa Mfaransa Rachid Meziane, aliyeifikisha Ubelgiji nafasi ya nne katika Olimpiki ya Paris. Meziane aliajiriwa Desemba 2024, kabla nyota hawajaondoka. Kumhukumu kwa vipigo 33 ni kumwonea. Uteuzi wake ulianza kuleta maana Julai 2025, alipowasili Leïla Lacan, Mfaransa mwenzake aliyechaguliwa na Sun mwaka uliotangulia.

Kuna hasara nyingine iliyopita bila kelele. Desemba 2024 klabu mpya ya Golden State Valkyries iliruhusiwa kuchagua wachezaji kutoka klabu nyingine, na kila klabu ilikinga sita tu. Veronica Burton hakukingwa, akaenda. Carrington alikuwa ametwaa tuzo ya mchezaji aliyepiga hatua kubwa kuliko wote katika ligi mwaka 2024. Mwaka 2025 tuzo hiyohiyo ilikwenda kwa Burton. Sun ilijua kukuza wachezaji. Kuwabakiza ndiko kulikoishinda.

Thomas na Bonner walifika fainali na Phoenix mwaka huohuo, wakafungwa na Aces mechi nne bila. Mohegan nao walianza kutafuta mnunuzi, na kundi la mfanyabiashara Steve Pagliuca likatoa ofa ya dola milioni 325 kwa nia ya kuihamishia timu Boston. Atakayeimiliki Sun, popote itakapochezea, ajenge kwanza uwanja wa mazoezi, ndipo atafute nyota.